Jinsi Kompyuta Ndogo Ilivyopata Sauti Njema

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, jahazi na mashua, ambavyo mtu asiyejua huviona vikipita juu ya maji kwa wepesi, asizifikiri mbao zilizopasuliwa, misumari iliyopigwa, na pamba iliyotiwa baina ya ubao na ubao ili maji yasiingie. Methali hii yafaa vilevile kwa sauti. Muziki utokapo katika kisanduku kidogo ukaenea chumbani, huelea hewani kama jahazi juu ya maji, na msikilizaji hukaa akaburudika bila ya kuuliza uliundwa na nani, wapi, na kwa taabu gani.

Katika insha hii, msomaji, nataka tuulize swali hilo juu ya chombo kimoja: kompyuta ndogo ya bei nafuu, iwezayo kulala juu ya kiganja cha mkono, ambayo watu wengi huinunua si kwa kazi za ofisi, bali kwa kujifunza na kujifurahisha kwa ufundi. Kompyuta ya namna hiyo ilizaliwa na sauti mbovu. Leo yaweza kutoa sauti safi ishindanayo na mitambo ya bei kubwa. Badiliko hili halikuletwa na utajiri wala nguvu. Lililetwa na watu walioona upenyo mdogo katika chombo, wakautumia. Habari ya upenyo huo ndiyo historia nitakayokusimulia. Kama utakavyoona, historia hiyo ina neno la kumwambia kila mwanafunzi adhaniaye kwamba chombo chake duni ndicho kinachomzuia kufanya kazi njema.

Kwanza yatupasa kujua sauti ni kitu gani. Upigapo ngoma, ngozi yake hutikisika ikaitikisa hewa iliyo karibu nayo, na mtikiso huo ukasafiri mpaka sikioni. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikiso ya tangu kama 20 hata kama 20,000 katika sekunde moja. Mtikiso ni kitu kiendeleacho bila ya kukatika, mfano wa wimbi lipandalo na kushuka. Kompyuta, kwa upande wake, haijui mawimbi. Hujua namba tu, na namba zenyewe huziandika kwa alama mbili, sifuri na moja. Basi wimbi litaingiaje katika daftari la namba, na namba zitarudije kuwa wimbi?

Jibu ni kupima. Fikiri mtu amesimama gatini akiwa na mti wenye alama, anapima kimo cha bahari na kukiandika. Akipima mara moja tu kwa siku, daftari lake halitamwonyesha kujaa wala kupwa. Akipima kila baada ya robo saa, namba zake zatosha kumwezesha mtu aliye mbali, ambaye hajapata kuiona bahari ile, kuchora kupanda na kushuka kwa maji siku nzima. Sauti hupimwa vivyo hivyo, ila kwa haraka kubwa mno. Harry Nyquist, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, aliweka msingi wa hesabu hii mwaka 1928, na Mmarekani Claude Shannon akaithibitisha katika maandiko yake ya mwaka 1949: vipimo vikizidi maradufu ya mtikiso wa juu kabisa uliomo katika sauti, basi wimbi lote laweza kurudishwa kama lilivyokuwa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1937, Mwingereza Alec Reeves alipokuwa akifanya kazi Paris alibuni njia ya kupeleka maneno ya simu kwa namba badala ya mawimbi. Wazo lake lilikuwa sahihi, lakini lilitangulia wakati wake. Mitambo iliyotakiwa ilihitaji taa za redio nyingi sana, na gharama yake haikuvumilika. Ikabidi lingoje.

Utaona kwamba kazi hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupima sauti na kuiandika kwa namba. Ya pili ni kuzisoma namba na kuzigeuza tena ziwe umeme upandao na kushuka, uwezao kuisukuma spika. Chombo kifanyacho kazi ya pili mafundi hukiita kigeuzi. Mimi nitakiita mfasiri, kwa kuwa hukaa kati ya wawili wasioelewana, kompyuta na sikio, akaeleza maneno ya mmoja kwa lugha ya mwenzake. Historia yetu ni historia ya kumtafuta mfasiri mwema.

Kompyuta za kwanza hazikuwa na mfasiri hata kidogo. Katika mji wa Sydney, Australia, palikuwa na kompyuta kubwa iliyokuja kuitwa CSIRAC. Mafundi waliitilia spika ili impigie kelele mwangalizi wake, ajue mahali kazi ilipofikia. Geoff Hill, aliyekuwa mtunga programu wake, aliona kwamba mapigo hayo yakipelekwa kwa mwendo uliopimwa vizuri yatakuwa noti za muziki, na mwezi wa Agosti 1951 mashine ile iliwapigia nyimbo wageni wa mkutano wa wataalamu. Mwaka huohuo, huko Manchester, Uingereza, kompyuta nyingine iliyoitwa Ferranti Mark 1 ilipiga nyimbo zilizorekodiwa na BBC. Santuri ya kurekodi hiyo haikupotea, na mwaka 2016 wataalamu wawili wa New Zealand waliisafisha, hata mtu wa leo aweza kuisikia.

Lakini sauti hizo zilikuwa sauti za mgonga mlango. Mashine iliweza kuisukuma spika au kuiacha. Haikuweza kuisukuma kidogo, au nusu, au robo tatu. Kwa kubisha haraka ilitoa noti ya juu, na kwa kubisha polepole noti ya chini. Hapakuwa na namna ya kutoa sauti ya mwanadamu, wala ulaini wa zumari.

Aliyempa kompyuta mfasiri alikuwa Max Mathews wa maabara ya Bell nchini Marekani. Mwaka 1957 alitunga programu iliyohesabu wimbi lenyewe, kipimo baada ya kipimo. Kompyuta ya IBM 704 aliyoitumia iliandika namba zake juu ya utepe wa sumaku. Utepe ukachukuliwa kwenye mtambo mwingine katika maabara ya Bell, na mtambo huo ndio uliozisoma namba na kuzigeuza kuwa sauti. Wimbo wa kwanza ulidumu sekunde 17 tu. Litie moyoni jambo hili, msomaji, kwa maana tutalirudia: mwenye kuhesabu alikuwa mmoja, na mwenye kufasiri alikuwa mwingine. Kazi hizo mbili hazikufanywa na mtambo mmoja.

Hayo yote yalikuwa mambo ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida hakuwa na kompyuta nyumbani mpaka mwezi wa Januari 1975, gazeti moja la mafundi wa umeme nchini Marekani lilipotangaza kompyuta iitwayo Altair 8800. Iliuzwa ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe kwa risasi ya kulehemu. Haikuwa na kioo, wala herufi za kubonyeza, wala spika. Mbele yake palikuwa na safu za swichi na taa ndogo, basi. Wengi waliomaliza kuiunganisha walijiuliza: sasa itafanya nini?

Steve Dompier alikuwa mmoja wa wanachama wa chama cha wapenda kompyuta kilichokutana California, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Homebrew Computer Club. Siku moja alikuwa akiiendesha Altair yake huku redio ndogo ikiwa karibu, akasikia redio inakoroma kila programu ilipotembea. Mashine ilikuwa ikivujisha mawimbi ya umeme, na redio ilikuwa ikiyadaka. Mtu mwingine angaliisogeza redio mbali. Dompier aliuliza: je, nikibadilisha mwendo wa programu, mkoromo utabadilika? Ulibadilika. Akatafuta, noti moja baada ya nyingine, mwendo ufaao kila noti. Katika mkutano wa mwezi wa Aprili 1975 alikaa akaingiza wimbo wake kwa swichi, namba baada ya namba. Mara mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, na kumbukumbu yote ya mashine ikafutika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio iliyowekwa juu ya mashine iliimba wimbo wa Beatles, na watu walioshuhudia wakasimama kumshangilia.

Kwa kipimo cha sikio, sauti ile ilikuwa duni. Kwa kipimo cha akili, ilikuwa jambo kubwa. Chombo kisichokuwa na mlango wa sauti kilipatikana kuwa na ufa, na kupitia ufa huo mtu mmoja akatoa muziki.

Miaka michache baadaye kompyuta za nyumbani zilianza kutengenezwa zikiwa na sauti yao. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na spika, lakini spika hiyo ilisukumwa kwa namna ileile ya mgonga mlango. ZX Spectrum ya Uingereza, mwaka 1982, haikuwa bora katika jambo hilo. Mwaka huohuo Commodore 64 ilikuja na chipu maalumu ya sauti iliyobuniwa na Bob Yannes, yenye uwezo wa kutoa sauti tatu kwa pamoja. Chipu hiyo ilisifiwa sana, na ilistahili sifa. Lakini ilikuwa ala ya muziki, si mfasiri wa namba. Iliunda sauti zake yenyewe kama kinanda kiundavyo zake. Haikukusudiwa kusoma namba za sauti iliyopimwa kwingine na kuirudisha kama ilivyokuwa.

Basi wapenda ufundi walitafuta upenyo mwingine, na katika miaka ya 1980 waliuona nyuma ya kompyuta, mahali pa kuunganisha mashine ya kuchapa. Pale palikuwa na nyaya nane zilizopeleka namba kwenye karatasi. Wakasema: kama nyaya hizi zaweza kupeleka herufi, zitashindwaje kupeleka sauti? Wakazichukua rezista, yaani vipande vidogo vipunguzavyo umeme, wakazipanga mfano wa ngazi, na mfasiri akapatikana kwa gharama ndogo.

Ukitaka kuielewa ngazi hiyo, kumbuka mizani ya dukani na mawe yake. Mwenye duka akiwa na mawe manane, la kwanza lina uzito wa 1, la pili 2, la tatu 4, na kuendelea kuzidisha maradufu mpaka la nane lenye uzito wa 128, aweza kupima uzito wowote tangu 1 hata 255 kwa kuweka mawe haya na kuacha yale. Kila waya katika zile nane ni jiwe moja. Umeme ukiwamo, jiwe limewekwa. Usipokuwamo, jiwe limeachwa. Rezista ndizo zilizoupa kila waya uzito wake, na jumla ya mawe ndiyo kimo cha wimbi.

Uzuri wa ngazi ulikuwa wepesi wake, na ubaya wake ulikuwa katika mawe makubwa. Jiwe la 128 likikosewa kwa sehemu moja ya mia tu, kosa lake linazidi uzito wa jiwe dogo kuliko yote. Na mwenye mizani ya namna hiyo hujidanganya adhanipo kwamba apima kwa uangalifu. Tena hatua 255 ni chache kwa sikio, ambalo husikia tofauti zake kama mchakarisho wa majani makavu nyuma ya wimbo. Mtu akitaka mawe 16 badala ya manane, jiwe kubwa litakuwa la 32,768. Hakuna rezista za kawaida za dukani zilizo na usahihi huo. Hapo mkono wa mpenda ufundi ulifika kikomo, ikambidi asubiri msaada wa viwanda.

Msaada huo ulitoka upande ambao hakuutazamia. Mwezi wa Oktoba 1982, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mitambo ya santuri ndogo ya dijitali, iliyobuniwa kwa ushirikiano wake na Philips ya Uholanzi, ambayo watu wameizoea kwa jina la CD. Katika santuri hiyo sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo kimeandikwa kwa mawe 16, yaani biti 16, zenye kutoa hatua 65,536. Fanya hesabu, utaona kwamba dakika moja ya muziki hudai baiti zaidi ya milioni 10. Ili kuzisoma namba hizo, viwanda vilitengeneza wafasiri kwa wingi, na kila kilichotengenezwa kwa wingi hushuka bei.

Ndani ya mitambo hiyo chipu moja ilisoma santuri na nyingine ilifasiri, na aghalabu zilitoka viwanda mbalimbali. Ilibidi ziwe na lugha moja ya kusemezana. Mwaka 1986 Philips ilitangaza lugha hiyo, ikaiita I2S. Ilikuwa na nyaya tatu tu. Waya wa kwanza hupeleka namba zenyewe. Wa pili husema kama namba ipitayo ni ya kushoto au ya kulia. Wa tatu hupiga mapigo kama ngoma ya wapiga makasia, ili mpokeaji ajue lini kila biti imefika. Lugha hiyo ilikuwa nyepesi, na viwanda vingi viliipokea. Kwa muda mrefu ilikaa ndani ya visanduku vilivyofungwa, ikisemwa na chipu kwa chipu, bila ya mnunuzi kujua kwamba ipo.

Sasa tumefika katika mji wa Cambridge, Uingereza. Eben Upton na wenzake waliona kwamba vijana walioomba kusoma elimu ya kompyuta chuoni walikuwa wakipungua, na hata waliokuja hawakujua mambo ambayo vijana wa miaka ya nyuma walijifunza wenyewe kwa mashine zao za nyumbani. Wakakusudia kutengeneza kompyuta rahisi ambayo mtoto aweza kuichezea bila ya mzazi kuogopa hasara. Kompyuta hiyo, Raspberry Pi, ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Ilikuwa ubao mmoja tu, usio na kisanduku, wenye ukubwa kama wa kadi ya benki, na bei yake ilikuwa dola 35.

Bei ndogo haikosi kuwa na sababu. Kebo ya HDMI iliweza kupeleka sauti njema kwenye televisheni, lakini tundu la kuchomeka spika za masikioni halikupewa mfasiri wa kweli. Chipu kuu ilitoa mapigo ya umeme, mara mapana, mara membamba, na vipande vichache vya bei ndogo vikayalainisha yawe wimbi. Ni kama mtu afunguaye na kufunga bomba upesi upesi ili ndoo ijae kwa kadiri aitakayo: akifungua kwa muda mrefu maji huwa mengi, akifungua kwa muda mfupi huwa machache. Njia hiyo hutoa sauti, lakini sauti ina mvumo nyuma yake, na wimbo ulipoanza au kwisha spika zilitoa mwaliko. Waliojaribu kuunganisha mfasiri wa nje kwa njia ya USB walikuta taabu nyingine: katika ubao huo USB na mtandao wa waya zilitumia njia moja, kama punda wawili kwenye daraja jembamba, na muziki ulikatikakatika.

Upenyo ulikuwapo. Mwezi wa Septemba 2012 ubao ulitolewa katika umbo la pili, na katika umbo hilo watengenezaji waliacha matundu manane madogo yasiyotiwa pini. Macho ya wengi yaliyapita. Lakini aliyesoma karatasi za maelezo aliona kwamba manne miongoni mwake yaliweza kusema I2S, lugha ileile ya mitambo ya CD. Mlango ulikuwa pale, ila haukuwa na ufunguo, maana pini zisizo na programu ya kuziendesha hazifanyi kitu. Mnamo mwaka 2013 programu hiyo ilipatikana, imetungwa na wapenda kazi wenyewe na kutolewa bure kwa kila mtu. Mbao ndogo za kufasiri sauti zikaanza kuuzwa, kama zile za HiFiBerry, na wengine wakazilehemu zao wenyewe nyumbani. Mwezi wa Julai 2014 watengenezaji walitoa Raspberry Pi iitwayo B+, yenye pini 40, na safari hii nyaya za I2S zilitiwa katika safu kuu. Ubao wa sauti ukaweza kukaa juu ya kompyuta kama kofia juu ya kichwa, bila ya kulehemu hata tone moja.

Chipu iliyopendwa sana katika mbao hizo ni jamii ya PCM5102 ya kampuni ya Texas Instruments. Sababu ya kupendwa kwake yafaa kusemwa, kwa kuwa yafunza. Wafasiri wengi hudai waya wa nne wenye mapigo ya haraka zaidi, ambao Raspberry Pi haikuwa nao katika pini zake. Chipu hii yaweza kujitengenezea mapigo hayo kwa kuyafuata yale iliyopewa. Kwa hiyo nyaya tatu zilitosha, na kiungo kilichokosekana upande mmoja kilipatikana upande wa pili.

Lakini hata hapo kazi haikwisha, kwa sababu ya saa. Namba za sauti hazitoshi kuwa sahihi. Ni lazima zifike kwa wakati sahihi. Mtu wa gatini akiandika kimo kwa usahihi lakini akapima mara baada ya dakika 14, mara baada ya dakika 16, mchoro wake utapotoka ijapokuwa kila namba ni ya kweli. Raspberry Pi za wakati ule zilikuwa na fuwele ya saa yenye mapigo 19,200,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 48,000, utapata 400 kamili. Gawanya kwa 44,100 ya CD, utapata 435 na sehemu iliyobaki. Kompyuta haiwezi kupiga sehemu ya pigo. Hivyo ilichanganya hesabu ndefu na fupi ili wastani uwe sawa, na mapigo yakawa ya kusitasita. Watengenezaji wa mbao bora wakaleta dawa: waliweka juu ya ubao wa sauti fuwele mbili, moja ya mapigo 22,579,200, ambayo ni 44,100 mara 512, na nyingine ya 24,576,000, ambayo ni 48,000 mara 512. Kisha wakaigeuza amri. Kompyuta haikuwa tena mpiga ngoma. Mfasiri ndiye aliyepiga, na kompyuta ikapeleka namba kwa kumfuata. Ndilo lile jambo la Mathews la mwaka 1957, kwamba kila kazi na mwenyewe.

Hapa yafaa nikutahadharishe, msomaji, usije ukadanganywa na namba kubwa zilizoandikwa juu ya masanduku. Chipu niliyoitaja huweza kupokea biti 32, mara 384,000 kwa sekunde. Uwezo huo unapita mbali mahitaji ya sikio la mwanadamu. Sauti iliyorekodiwa vibaya haitakuwa njema kwa kupitishwa katika mfasiri mzuri, kama vile barua ya uongo haiwi kweli kwa kusomwa na msomaji hodari. Kadhalika usithubutu kuunganisha spika moja kwa moja na pini za kompyuta. Pini hizo hutumia volti 3.3 na umeme kidogo sana, ubao waweza kuungua. Kazi ya kusukuma spika ni ya amplifaya.

Mambo yaliyofuata yameonyesha thamani ya mlango ule. Mwezi wa Novemba 2015 ilitoka Raspberry Pi Zero ya dola 5, isiyo na tundu la sauti kabisa. Mwaka 2020 kampuni ya Raspberry Pi iliinunua kazi ya IQaudIO, waliokuwa watengenezaji wa mbao za sauti, na hivyo jambo lililoanzishwa pembeni na wapenda kazi likaingizwa nyumbani kwa mwenye chombo. Mwaka 2023 ilitoka Raspberry Pi 5, nayo tundu la spika za masikioni liliondolewa. Lakini pini 40 zilibaki, na nyaya za I2S ziko palepale. Tundu bovu limekwenda. Mlango mwema umesalia.

Nimekusimulia habari za Sydney, California na Cambridge, lakini fundisho lake halina nchi. Dompier hakuwa na kompyuta bora kuliko wenzake; Altair yake ilikuwa kama zao. Waliozitumia nyaya za mashine ya kuchapa hawakupewa kitu kipya. Nyaya zilikuwapo muda wote. Matundu manane ya mwaka 2012 yaliuzwa kwa kila mnunuzi, na wengi waliyatazama wasione neno. Tofauti haikuwa katika chombo. Ilikuwa katika kuuliza, kusoma maelezo mpaka mwisho, kufanya hesabu, na kuanza upya waya ukwatukapo.

Huenda siku moja ukapewa shuleni ubao wa namna hii, au ukakuta redio iliyokufa, au mashine yoyote ambayo watu wamekwisha kuiita takataka. Usianze kwa kuuliza imekosa nini. Ifungue kwa uangalifu, uiondoe kwanza kwenye umeme, kisha uulize ina mlango gani ambao haujafunguliwa na mtu. Yawezekana usiupate siku hiyo. Andika ulichokiona, urudi tena kesho, na uwaonyeshe wenzako, maana hakuna hata mmoja katika hadithi hii aliyeifanya kazi yote peke yake. Reeves hakuiona Raspberry Pi, wala Nyquist hakuisikia CD; kila mmoja aliacha kipande chake mahali ambapo mwingine angeweza kukiokota. Sauti njema uisikiayo leo ni vipande hivyo, vimeungwa na watu waliochoka kusikiliza tu.